Miaka Kumi na Tisa Verandani

Phanuel alilitamani lile duka kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema. Kwa miaka kumi na tisa alishona nje yake, verandani, mgongo wake hatua mbili tu kutoka mlangoni, na katika miaka yote hiyo hakushona ndani hata siku moja. Ndani palikuwa pa Kantilal, Mhindi muuza vitambaa, pamoja na majora yake, kaunta yake, na picha za miungu wake zilizofukizwa ubani kila asubuhi. Nje palikuwa pa Phanuel na cherehani yake. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje kupimwa, na mambo yakaenda hivyo mpaka watu wa Tororo wakazoea kumwita fundi wa Kantilal, utadhani Kantilal ndiye aliyemzaa.

Nisije nikaitukana veranda. Veranda ina hewa na mwanga, na habari za mji mzima hupita hapo bila kulipiwa. Lakini mvua ya Tororo haina adabu. Ikitokea upande wa lile jabali lililosimama juu ya mji huja kwa mlalo, na fundi hubaki amekumbatia nguo za watu kifuani huku yeye mwenyewe akilowa. Jioni lazima abebe cherehani kuiingiza dukani, na asubuhi asimame kungoja Mhindi amalize sala ndipo aitoe. Yote hayo Phanuel aliyavumilia. Lililomuuma ni akina mama. Mama gani wa heshima atakubali kuzungushiwa futi kiunoni mbele ya wachukuzi na waendesha baiskeli, mmoja akipiga mluzi, mwingine akitaja namba kabla fundi hajaisoma? Wake wa walimu na wake wa makarani walikwenda kushonewa magomesi yao, yale magauni marefu ya akina mama wa Uganda, kwa mafundi wenye kuta. Phanuel aliachiwa kaptura za shule, viraka, na kanzu za wazee wasiojali nani anawatazama. Naye gomesi aliijua kuliko hao wenye kuta. Alikuwa akimshonea mkewe Elinah moja kila Krismasi, na kanisani wanawake waliishika mikono yake ya juu ile iliyochongoka, wakauliza imeshonwa wapi. Elinah akisema, "Verandani kwa Kantilal," waliiachilia.

Basi siku moja ya Novemba mwaka wa sitini na tisa, Kantilal alimwita ndani, akamsogezea kigoda, na kumwambia mwanawe wa kiume amletee chai. Phanuel akajua kuna jambo, maana chai siku zote aliletewa nje.

"Fundi, mimi nakwenda," Kantilal alisema.

Alieleza mambo taratibu, pumu ikimkata maneno. Sheria mpya ya leseni imetoka. Asiye raia wa Uganda hatauza tena vitambaa mtaa huu baada ya mwaka kwisha, na yeye pasi yake ni ya Mwingereza. Amekwisha kumwandikia kaka yake kule Uingereza. Amezungumza pia na Alhaji Nasifu, mwenye nyumba. Alhaji anataka kukigeuza chumba kuwa ghala la magunia yake ya pamba, lakini amekubali kwamba Phanuel akileta leseni kabla ya mwaka mpya, chumba ni chake kwa kodi ile ile. Kaunta na rafu Kantilal atamwachia bure.

"Siwezi kupanda nayo ndege," alisema, akaipigapiga ile kaunta kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Phanuel hakusikia mengi baada ya hapo. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kona ya nyuma, karibu na dirisha dogo. Pale angetundika pazia. Mama angeingia nyuma ya pazia, angepimwa na Elinah, wala hakuna mchukuzi ambaye angeona kitu. Cherehani ingekaa pale pale usiku na mchana, wala isingebebwa tena. Alikuwa na miaka arubaini na sita, na moyo ulimpiga kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisi ya leseni. Alichukua cheti cha ubatizo, na mkebe wa kakao ambao ndani yake mlikuwa na fahari yake yote.

Huo mkebe lazima nieleze. Phanuel alikuwa Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya, kutoka vilima vya Funyula. Alipokuja Tororo kutafuta riziki, baba yake alimwambia kwamba mwacha asili ni mtumwa, na yeye akayashika maneno hayo kwa mikono miwili. Kila Januari alipanda basi hadi Busia, akavuka mpaka kwa baiskeli ya kukodi, akaenda kwao kulipa kodi kwa chifu wa baba yake, na tiketi ya malipo akaiweka katika mkebe huo. Angeweza kuilipa Tororo, hatua mia tatu kutoka kwenye cherehani yake. Hakutaka. Mtu hulipa kodi mahali ambapo jina la baba yake linajulikana, ili karani wa chifu akisoma orodha barazani, jina lisikike na watu waseme yupo. Askari wa kodi walipofanya msako Tororo, wenzake walikimbia. Ebong, fundi wa veranda ya jirani, mtu wa kabila la Wateso wa papo hapo, aliwahi kushinda kutwa nzima ndani ya choo cha sokoni. Phanuel hakukimbia hata mara moja. Alitoa tiketi yake ya Samia, askari wakaitazama, wakaona imelipwa, wakampa heshima yake na kwenda zao. Na baada ya Uhuru, watu wa Kenya walipotangaziwa kwamba wanaotaka uraia wa Uganda wajiandikishe, hakwenda. Aliogopa chifu atasikia na kumfuta orodhani.

Afisa wa leseni alikuwa kijana mwenye tai, si mkali hata kidogo. Alizipanga tiketi mezani moja baada ya nyingine mpaka meza ikajaa. Phanuel alizitazama zikipangwa na shingo yake ikarefuka. Nani mwingine Tororo nzima angeweza kuonyesha kitu kama hiki?

"Mzee, hii yote ni ya Kenya," afisa akasema.

Phanuel akasema ndiyo, na hakuna hata mwaka mmoja uliorukwa.

"Ndiyo naona. Sasa umenipa shahidi kumi na tisa ya kusema wewe si mtu wa hapa."

Watu wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Afisa hakucheka. Alieleza, kwa upole uliomuumiza Phanuel kuliko kicheko, kwamba angekuja bila karatasi yoyote ingekuwa afadhali. Angeleta wazee wawili wa kuapa kwamba wanamjua, kama wengine walivyofanya. Lakini hizi tiketi ameziona sasa, na hawezi kujifanya hakuziona. Phanuel alizikusanya kutoka mezani. Moja ilianguka chini ya benchi, na ikabidi apige magoti katikati ya miguu ya wale waliocheka kuitafuta. Alipotoka nje alipishana na Ebong, aliyekuwa na tiketi moja tu maishani mwake, iliyokunjwa hadi ikachakaa. Ebong alipata leseni siku hiyo hiyo.

Nyumbani, Elinah alikuwa amekaa mkekani akishona vitundu vya vifungo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu waoane. Phanuel alikata na kushona kwa mashine, kisha nguo zikaja nyumbani, na Elinah akamalizia kwa mkono vitundu, pindo na vifungo. Aliisikiliza habari yote bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Kisha akasema kwamba yeye ni mtu wa Mulanda, hapa karibu na Tororo, amezaliwa Mulanda, na baba yake na babu yake wamezikwa Mulanda. Leseni iandikwe kwa jina lake.

Phanuel alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani alikasirika. Alisema watu watasemaje, mwanamume mwenye ndevu aingie kazini kwa mlango wa mkewe. Alisema mengi, mengine ya kijinga, na binti yao Goretti, aliyekuwa akichambua mboga karibu na mlango, aliinuka akaenda kwa jirani.

"Baba Goretti," Elinah akasema, "kitundu ya kifungo yote ya Tororo hii, nani ameshona?"

Phanuel akavua koti, akalitundika, na Elinah akaendelea:

"Kila Januari unapeleka jina lako Samia wasome. Mimi nilisema kitu? Sasa langu waandike hapa mara moja tu, inakuuma wapi?"

Ilimuuma, ila hakuweza kusema wapi. Akasema wataondoka. Watarudi kwao Funyula, kwenye ardhi ya baba yake, na kila siku ya soko atashonea Busia upande wa Kenya, ambako hakuna mtu atakayemwuliza katokea wapi. Aliposema "kwetu" sauti ilimlainika, kama ilivyolainika kwa miaka yote hiyo kila alipolitaja hilo neno, na Elinah aliyekuwa amejiandaa kugombana akaona huruma. Alimjua. Alimjua mtu huyu anayesimulia visima vya utotoni mwake kwa watu wasiotaka kusikia, na anayeonja dagaa wa Tororo akasema si kama wa kwetu. Akamwambia basi aende, akaone.

Akaenda. Basi likamshusha Busia, kijana wa baiskeli akamvusha mpaka, na kufikia alasiri alikuwa akipanda njia ya mawe kuelekea boma la baba yake. Hakuwa amezoea kuja mwezi huo. Januari nchi huwa kavu na watu wako barazani kwa chifu, na yeye hulipa kodi, husalimia, hula, na kesho yake hurudi kazini. Sasa mahindi yalikuwa yamesimama, na hakuitambua njia mara moja.

Laban, mdogo wake, alimpokea kwa furaha ya kweli. Kuku alichinjwa. Kiti chenye mto kililetwa. Watoto waliitwa waje kumwamkia mgeni wa Tororo, na Phanuel akalipokea hilo neno mgeni kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele za watu. Wakala, wakazungumza Kisamia mpaka jua likashuka. Ndipo Phanuel akaeleza shida yake na kusema anataka kurudi.

Laban alisogeza kigoda chake karibu. Akasema ardhi ipo, kuanzia kichuguu mpaka mtoni, hakuna aliyeigusa ila kwa muhogo, na muhogo hung'olewa. Lakini kaka anajua mila. Mtu hawezi kurudi kwao na mke na cherehani akaingia katika nyumba ya mdogo wake. Aje kwanza na mabati, ajenge, alale humo, ndipo mkewe apike na yeye afungue kazi. Mabati ya nyumba nzima Phanuel hakuwa nayo, na Laban alijua hivyo. Kwa leo atalala katika kibanda cha vijana, maana mkubwa halali chini ya paa la mdogo.

"Nimelipa kodi hapa miaka yote," Phanuel akasema. "Sikuruka hata mmoja."

"Kodi ulilipa, kaka. Nyumba hukujenga." Laban aliinama, akasema yaliyobaki akitazama chini. "Nami ni mdogo wako. Sikuruhusiwa kujenga kabla yako. Nilikungoja miaka saba. Msichana wa kwanza niliyemposa alichoka kungoja, akaolewa Bumala. Mwishowe wazee walinifungulia njia kwa kuchinja mbuzi."

Phanuel hakuwa amelijua hilo. Kila Januari alikuja, akala, akalipa, akaondoka, na hakuna aliyemwambia. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama karani bado analisoma jina lake barazani.

"Hulisoma," Laban akasema. "Vijana huuliza huyo ni nani."

Alilala kwenye kibanda cha vijana, magoti yakigusa ukuta, mzee wa miaka arubaini na sita kati ya magitaa ya mabati na viatu vya mpira. Kesho yake Laban alimsindikiza hadi Busia, wakaagana vizuri, kwa kushikana mikono muda mrefu. Phanuel alipovuka na kukaa akingoja basi la Tororo, alijisikia vibaya kwa namna ngeni. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemdhulumu. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepakumbuka mahali, akapaombea, akapatamani hata katika ladha ya dagaa, na mahali penyewe palikuwa pamejifunza kuishi bila yeye. Alilia kidogo, akijifanya ni vumbi. Mama muuza ndizi aliyekaa karibu naye alimpa nafasi kwenye kivuli.

Elinah alipomwona akiingia hakumwuliza. Alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Twende kwa huyo afisa. Na uvae koti."

Afisa alikuwa yule yule. Alimkumbuka Phanuel mara moja, na Phanuel akaona amekumbukwa. Safari hii benchi lilikuwa tupu, nalo hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Elinah alitoa cheti chake cha ubatizo na barua ya chifu wa Mulanda, akakaa wima kwenye kiti huku Phanuel akisimama nyuma yake, maana kiti kilikuwa kimoja. Maswali yalikwenda vizuri. Jina, kijiji, jina la baba, aina ya biashara. Elinah alijibu kila moja bila kusita. Hata alipoulizwa kama anaijua kazi yenyewe, aligeuza ukingo wa shingo ya gomesi yake na kumwonyesha afisa vitundu, na afisa akatikisa kichwa kwa kukubali.

Kisha afisa akageuza ukurasa.

"Na huyu, ni nani wako?"

"Bwana yangu."

"Hiyo najua, mama. Nauliza hapo kwa duka ni nani."

Elinah, aliyeuliza kuandikwa jina mara moja kunauma wapi, sasa alishindwa na neno moja. Phanuel akajibu kwa niaba yake.

"Fundi. Mama ameniandika kazi."

Afisa aliandika. Mgeni kuajiriwa hakukatazwa, alisema, kilichokatazwa ni kumiliki. Akauliza fundi anatoka wapi, Phanuel akasema Samia, Kenya, na hilo likaandikwa pia. Halafu akauliza swali lililofuata kwenye karatasi, bila kuinua macho: hapo dukani fundi alianza kazi lini?

"Mwaka wa hamsini," Elinah akasema haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka angalau hilo lijulikane. "Kabla ya Goretti kuzaliwa. Hata kabla ya lami."

Afisa aliweka kalamu chini. Alitazama mlango kama umefungwa, kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Karatasi hii haiishii kwake. Inakwenda mbele, kwa wakubwa, na huko wanatafuta watu wa namna hii hasa: raia aliyewekwa mbele kama pazia, na mgeni aliye nyuma yake ndiye mwenye duka. Wakisoma kwamba mume amekaa hapo tangu mwaka wa hamsini na mke ameingia mwezi huu, leseni itafutwa, na yeye afisa ataulizwa alikuwa anatazama nini. Yeye mwenyewe hapendi. Lakini ndivyo ilivyo. Akaishika kalamu tena.

"Nauliza mara ya pili. Alianza lini?"

Elinah aliitazama meza, midomo ameibana, na Phanuel aliyekuwa amesimama nyuma yake aliona mabega yake yameinuka na hayashuki. Akajua hatajibu. Angeweza kukaa hivyo mpaka ofisi ifungwe na mwaka uishe na magunia ya Alhaji yaingie. Phanuel akauweka mkono wake kwenye mgongo wa kiti. Miaka kumi na tisa ni mingi, na alikuwa nayo yote, mvua yake na jua lake, kila kaptura na kila kanzu, watu aliowashonea wakiwa watoto na ambao sasa aliwashonea watoto wao. Hakuwa na kitu kingine duniani kilichokuwa chake peke yake namna ile.

"Bado sijaanza," akasema. "Nitaanza Jumatatu."

Afisa akaandika Jumatatu, akangoja wino ukauke, akaigeuza karatasi upande wa mama ili atie sahihi. Elinah aliishika kalamu, lakini ilimchukua muda kabla ya kuweza kuandika jina lake.